Mshahara na Masurufu ya Askari Mpya katika Jeshi la Marekani

Ndugu kijana uliyekwisha kula kiapo au unayekusudia kukila, na wewe mzazi uliyeko Mombasa, Arusha au Bukavu, ambaye mwanao alivuka bahari kwa bahati nasibu ya viza na sasa ataka kuvaa magwanda ya Marekani, maneno haya yameandikwa kwa ajili yenu nyote wawili. Kwani dhiki nyingi za fedha zinazompata askari mpya hazitokani na uchache wa mshahara wake, bali na kutojua siku mshahara huo utakapoingia, kitakachokatwa kabla haujamfikia, na ahadi alizowapa jamaa zake kabla ya kuijua hesabu. Mshahara wa kuruta si mkubwa, wala si wa kudharauliwa; lakini una utaratibu wake, na asiyeujua hujikuta yumo kambini, simu yake imefungiwa, deni la gari linazidi kwa riba, na mama nyumbani anadhani amesahauliwa. Nitasema hasa juu ya jeshi la nchi kavu, ingawa wanamaji, wanaanga na Marini hulipwa kwa jedwali lile lile la mishahara na kutofautiana katika muda na masharti ya mafunzo.

Kazi ya kwanza ya fedha hufanywa kabla ya safari, nayo ni kujua utaingia kwa daraja gani. Askari asiye na elimu ya juu huanza daraja la E-1. Mwenye masomo kadhaa ya chuo huweza kuanza E-2 au E-3. Na mwenye shahada kamili huanza E-4. Kwa viwango vilivyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025, mshahara wa E-1 ambaye hajatimiza miezi minne ulikuwa dola 2,144.10 kwa mwezi, na akishaitimiza ulipanda kuwa dola 2,319. Wa E-2 ulikuwa dola 2,599.20, wa E-3 dola 2,733, na wa E-4 anayeanza dola 3,027.30. Viwango hivi hutazamwa upya kila Januari, kwa hiyo litafute jedwali la mwaka wako kabla ya kupiga hesabu yoyote. Sasa tazama tofauti iliyopo kati ya E-1 na E-4: kwa viwango hivyo vya 2025 ilikuwa dola 883.20 kila mwezi, yaani zaidi ya dola 3,500 katika miezi minne ya mwanzo peke yake. Wapo vijana wetu waliosoma Nairobi, Makerere au Dar es Salaam, wenye shahada walizozipata kwa jasho la wazazi, ambao huingia jeshini kwa daraja la chini kabisa kwa sababu tu vyeti vyao vya nje havikufanyiwa tathmini na taasisi inayokubaliwa Marekani. Fanya tathmini hiyo mapema, umkabidhi mwandikishaji nakala yake, na usitie saini mpaka umeliona daraja lako limeandikwa katika mkataba. Maana jambo hili likisahauliwa siku ya saini, kulirekebisha baadaye ni kazi ya barua nyingi na subira nyingi.

Hali ni hiyo hiyo kwa bahashishi ya kujiunga, ambayo waandikishaji huitaja mapema na kwa sauti ya furaha. Fedha hizo, kama kazi uliyoichagua inazo, aghalabu hazilipwi mpaka umalize mafunzo yote, na zikilipwa hukatwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 22 palepale. Tena askari asiyetimiza muda aliouahidi huweza kudaiwa arudishe sehemu yake. Kwa hiyo usimwahidi mtu nyumba wala shamba kwa bahashishi ambayo haijaingia mkononi, na lolote uliloambiwa kwa mdomo tu, ambalo halimo katika viambatisho vya mkataba, lihesabu kuwa halipo.

Mshahara huanza kuhesabiwa siku unayokula kiapo cha mwisho na kuondoka kwenda kambini. Malipo hufanywa mara mbili kwa mwezi, tarehe 1 na tarehe 15, na kila malipo ni ya nusu ya mwezi iliyotangulia. Siku hizo zikiangukia mapumziko ya juma, fedha huingia siku ya kazi iliyo kabla yake. Lakini malipo ya kwanza kabisa yaweza kuchelewa, kwa kuwa jina lako sharti liandikwe, hati zako zikaguliwe, na akaunti yako ya benki ithibitishwe. Ndiyo maana namshauri kila mwenye watu wanaomtegemea aache nyuma yake matumizi ya miezi miwili, au kwa uchache ya mwezi mmoja na nusu, ndipo aondoke. Chukua nambari za akaunti ya benki iliyo wazi na inayofanya kazi, kwa jina lako mwenyewe, wala usiifunge akaunti hiyo ukiwa mafunzoni. Kadi ya Social Security, cheti cha kuzaliwa na kadi ya ukaazi wa kudumu navyo usiviache nyumbani. Fedha taslimu zisizidi dola 50 hivi, kwani huna pa kuzitumia, na mwenye nyingi hujipatia kazi ya kuzilinda.

Siku za mwanzo hupitia kituo cha mapokezi, mahali penye foleni nyingi na usingizi mchache. Hapo utanyolewa, utachanjwa, na utakabidhiwa mavazi ya kijeshi, mabuti, koti na mikoba, vyote kwa gharama ya serikali. Visivyokuwa vya serikali ni sabuni, dawa ya meno, wembe, kufuli, viatu vya kukimbilia, na ujira wa kinyozi yule yule aliyekunyoa bila ya kukuuliza. Kwa ajili ya vitu hivyo hupewa kadi yenye dola mia chache, na wengi huipokea wakidhani ni zawadi. Kadi hiyo ni sehemu ya mshahara wako iliyotangulizwa, na itakatwa katika malipo ya mwanzo. Kwa hiyo nunua ulichoamriwa kununua, na kilichobaki kiache humo.

Chakula ni milo mitatu, na malazi ni bweni la kikosi, vyote hulipi. Kwa sababu hiyo posho ya chakula ambayo askari wengine huipata haikuhusu wewe katika kipindi hiki, wala aliye kapera hapewi posho ya nyumba. Mwislamu na aseme mapema, tena kwa adabu, kwamba hali nguruwe. Jeshi linavyo hata vyakula vya pakiti vya halali kwa siku za porini, lakini asiyesema dini yake katika hati zake hapati wa kumkumbuka. Mafunzo ya awali huchukua wiki kumi, katika kambi kama Fort Jackson huko South Carolina au Fort Sill huko Oklahoma, kisha hufuata mafunzo ya kazi yenyewe, ambayo yaweza kuwa ya wiki chache au kuzidi mwaka. Wapiganaji wa miguu, wao huyafanya yote mahali pamoja, Fort Benning huko Georgia, kwa wiki 22. Katika miezi hiyo kapera asiye na deni hana pa kupotezea fedha, naye aweza kutoka na akiba ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake, mradi asiigawe kabla hajaipata.

Tuje kwenye makato, ambayo ndiyo humfadhaisha mgeni. Kodi ya hifadhi ya jamii ni asilimia 6.2 na ya matibabu ya uzeeni asilimia 1.45; kwa E-1 wa miezi ya mwanzo, kwa mshahara wa 2025, jumla yake ilikuwa dola 164 kwa mwezi. Bima ya maisha, yenye fidia ya dola 500,000, imekuwa dola 26 kwa mwezi tangu Julai 2025, na huandikishwa bila ya kuomba. Zipo senti 50 za nyumba ya kulelea askari wazee, ambazo hakuna aziulizaye. Ukishatimiza siku 60, asilimia 5 ya mshahara huanza kwenda katika mfuko wa akiba ya uzeeni uitwao TSP, nayo kwa mshahara huo wa 2025 ilikuwa dola 107 na ushei, na serikali huongeza asilimia 1 yake mwenyewe. Baada ya miaka miwili ya utumishi itakuongezea hadi kufikia asilimia 5 kwa unazoziweka wewe. Hayo yote kwa pamoja, kwa hesabu hiyo ya 2025, yalikaribia dola 300, kabla ya kodi ya mapato ya serikali kuu, na kabla ya kodi ya jimbo kama jimbo lako la ukaazi lina kodi hiyo. Unayo ruhusa ya kupunguza akiba ya uzeeni, lakini sikushauri. Fedha ambayo hujawahi kuishika ni rahisi kuivumilia, na miaka ishirini ni mingi. Utaulizwa pia juu ya mpango wa elimu wa Montgomery, ambao hukata dola 100 kwa miezi 12. Mpango mwingine, ule wa baada ya Septemba 11, haukukati kitu, kwa hiyo soma karatasi ile kabla ya kuikubali au kuikataa.

Karatasi ya mshahara huitwa LES, nayo ina safu tatu: unachostahili, unachokatwa, na ulichoagiza kitengewe wengine. Kijana anapoiona kwa mara ya kwanza mwisho wa mwezi, macho yake huenda safu ya pili na kukuta kiasi kikubwa kimekatwa kwa jina la malipo ya katikati ya mwezi, akadhani ameibiwa. Hakuibiwa: ile ni fedha aliyokwisha kuipokea tarehe 15, nayo huandikwa upande wa makato ili hesabu ya mwezi mzima ilingane. Kinachopasa kutazamwa kwa makini ni daraja lako, tarehe ya kuingia, idadi ya wanaokutegemea, na jimbo la kodi. Kosa katika moja ya hayo manne huzaa upungufu kila mwezi, au huzaa maziada ambayo siku moja utaamriwa kuyarudisha yote kwa mkupuo.

Mwenye mke au mume, au watoto, ana haki zaidi, na kwake hati ni mali. Hulipwa posho ya nyumba iitwayo BAH kwa kadiri ya mahali aila yake inapoishi hapa Marekani, ingawa yeye mwenyewe analala bwenini. Na akishatengana nao kwa zaidi ya siku 30 kwa sababu ya utumishi, huongezewa posho nyingine kila mwezi. Mkewe na watoto huingia katika bima ya afya ya jeshi, TRICARE, baada ya majina yao kuandikishwa katika daftari la DEERS. Lakini jeshi halimjui mke kwa ushahidi wa majirani. Nikahi iliyosomwa sebuleni na sheikh bila ya kuandikwa popote, au mahari yaliyokwisha kulipwa ng'ombe kwa ng'ombe mbele ya wazee, ni ndoa kamili mbele ya watu wetu, na bado haitafungua posho hata ya siku moja mpaka kiwepo cheti kinachotambuliwa na serikali. Aliyeoa kwa nikahi pwani atafute cheti cha kadhi. Aliyeoa kimila Kenya akumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka ndoa hizo nazo ziandikishwe. Na aliye na cheti cha Kifaransa kutoka Congo akitafsirishe kwa mfasiri anayethibitisha kazi yake kwa saini. Chukua hati asilia, si picha za simu, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati ya talaka kama ulipata kuachana na mtu. Ikiwa mke na watoto wangali nyumbani Afrika, hesabu ya posho yao hufuata kanuni nyingine. Peleka swali lako kwa ofisi ya fedha kwa maandishi, upate jibu la maandishi.

Mzazi anayekutegemea naye ana mlango wake. Askari aweza kuomba mama au baba ahesabiwe kuwa tegemezi wake, akithibitisha kwamba zaidi ya nusu ya masurufu ya mzazi huyo hutoka kwake. Uthibitisho ni stakabadhi: za Western Union, za M-Pesa, za hospitali, za kodi ya nyumba. Anza leo kuzihifadhi na kuziweka kwa tarehe, kwani ombi hilo huchukua muda, na mara nyingi huamuliwa baada ya mafunzo kwisha.

Nakuomba ulitulie neno linalofuata, kwa kuwa hapa ndipo penye machungu mengi. Mwana aliyezoea kutuma fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi kwa simu yake hataweza kufanya hivyo akiwa kuruta, maana simu huchukuliwa, na akipewa ruhusa ya kupiga, ni kwa dakika chache ambazo hazitoshi hata salamu. Basi kabla ya kuondoka, keti na jamaa, au wapigie wote pamoja, uwaambie kwa uwazi: mshahara wangu ni huu, makato ni haya, mwezi wa kwanza msinitarajie, na kuanzia mwezi fulani mtapata kiasi fulani, si zaidi. Kutaja kiasi si ukavu wa macho. Anayeogopa kukitaja huishia kuvunja ahadi, na ahadi iliyovunjwa huumiza kuliko kiasi kidogo kilichosemwa mapema. Kisha mchague mtu mmoja mwaminifu aliyeko Marekani, mke, dada au rafiki wa kuaminika, na uiagize ofisi ya fedha itenge kiasi hicho kila mwezi kiende katika akaunti yake, naye akitume. Wazee wetu wa King's African Rifles waliokwenda Abisinia na Burma katika Vita Kuu ya Pili nao waliacha sehemu ya mishahara yao ilipwe kwa jamaa zao vijijini. Utaratibu huu si mgeni kwetu. Mtu huyo akihitaji kusimamia mambo yako, mwandikie hati ya uwakala iliyo maalumu, inayotaja jambo moja moja na tarehe ya kwisha, wala usimpe uwakala wa jumla, ambao humwezesha kuuza hata gari lako.

Bima ya maisha nayo yataka fikira. Fidia hulipwa kwa yule uliyemwandika, na usipomwandika yeyote hufuata mpangilio wa sheria: mume au mke, kisha watoto, kisha wazazi. Haifuati mirathi ya Kiislamu wala kikao cha ukoo. Mwislamu atakaye warithi wake wapate mafungu yao na aandike majina yote na sehemu ya kila mmoja. Na aliyemwandika mama yake alipokuwa kapera akumbuke kuibadilisha karatasi hiyo siku atakapooa.

Ama madeni na pango, sheria iitwayo SCRA, ya mwaka 2003, ni ngao ambayo wengi huingia vitani bila ya kuichukua. Mkopo ulioukopa kabla ya kuingia jeshini hauwezi kutozwa riba ya zaidi ya asilimia 6 wakati wa utumishi, na kinachozidi hapo hufutwa, hakirundikwi mbele. Lakini hakuna benki itakayokuletea haki hiyo kitandani. Sharti uiandikie barua na kuambatanisha nakala ya amri yako ya kuitwa jeshini, na mlango huo hubaki wazi hadi siku 180 baada ya utumishi kwisha. Mkataba wa pango la nyumba nao waweza kuvunjwa bila ya faini: mpe mwenye nyumba barua pamoja na nakala ya amri, na ikiwa kodi hulipwa kila mwezi, mkataba hukoma siku 30 baada ya tarehe ya malipo inayofuata. Barua ikitolewa tarehe 20 Mei na kodi ikalipwa tarehe 1 Juni, basi tarehe 1 Julai umekwisha kuwa huru. Kapera anayekiacha chumba chake kikidaiwa kodi miezi sita ilhali yumo bwenini, huyo anampa mwenye nyumba mshahara wake bure.

Msiba ukitokea nyumbani, usitegemee ujumbe wa simu. Jamaa walioko Marekani wapige simu kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani, ambao bila ya malipo huithibitisha habari kwa hospitali au kwa wanaozika na kuifikisha kwa kamanda. Wawe na jina lako kamili, tarehe yako ya kuzaliwa, cheo na kikosi. Waachie maelezo hayo katika karatasi moja, nawe mtumie nakala mtu mmoja nyumbani. Kamanda ndiye anayeamua ruhusa, na nauli ikikosekana kuna Army Emergency Relief, chama cha msaada kilichoanzishwa mwaka 1942, kinachotoa mikopo isiyokuwa na riba kabisa, na pengine msaada usiorudishwa.

Anayeangukia mafunzoni mwezi wa Desemba ajue kwamba kambi hufungwa takriban wiki mbili za Krismasi, na wengi huruhusiwa kwenda kwao kwa nauli zao wenyewe. Likizo hupatikana kwa kadiri ya siku mbili na nusu kwa mwezi, kwa hiyo mgeni huenda kwa siku ambazo bado hajazichuma, na huzilipa kwa kazi baadaye. Weka akiba ya tiketi tangu Oktoba, na kama wawaza kwenda nje ya Marekani, omba idhini mapema kabla ya kununua chochote.

Mwisho ni gari. Nje ya lango la kila kambi yako maduka ya magari yanayomwita askari kwa jina la heshima, kwani wanajua mshahara wake haukosi kuingia. Sheria ya mwaka 2006 inayowalinda wanajeshi dhidi ya mikopo ya riba kubwa imeweka kikomo cha asilimia 36 kwa mwaka, lakini mkopo wa kununulia gari, ikiwa rehani yake ni gari lenyewe, haumo katika kinga hiyo. Na vijana wengi hutoka mafunzoni na akiba ya miezi sita na kuimaliza kwa alasiri moja. Nenda kwanza katika chama cha akiba na mikopo kinachohudumia wanajeshi, upate kwa maandishi kiwango cha riba watakachokutoza na kiasi watakachokukopesha, na ukishakuwa na karatasi hiyo mkononi ndipo uende kutazama magari, ukifuatana na mtu aliyekwisha kununua.